Uharamia wa muziki mtandaoni

Uharamia wa muziki mtandaoni ni kitendo cha kunakili, kupakia, kusambaza au kupakua nyimbo kwa njia ya intaneti bila idhini ya wenye hakimiliki. Ulienea duniani kuanzia mwaka 1999, wakati kompyuta za nyumbani zilipoweza kubadilishana mafaili ya muziki moja kwa moja. Suala hili haliwezi kutenganishwa na swali jingine: mwanamuziki alipwe vipi, na nani amlipe, ikiwa nakala ya wimbo wake inaweza kutengenezwa bila gharama yoyote?

Maana na haki zinazohusika

Kwa lugha ya kawaida watu husema "wizi wa kazi za wasanii". Kisheria kosa lenyewe huitwa ukiukaji wa hakimiliki, nalo ni tofauti kidogo na wizi. Mwizi wa baiskeli humwacha mwenyewe akitembea kwa miguu, lakini anayenakili wimbo humwacha mwenyewe bado anao. Kinachopotea ni malipo ambayo angeweza kuyapata, pamoja na uwezo wa kuamua kazi yake itumikeje.

Wimbo mmoja uliorekodiwa huwa na haki za aina mbili. Ya kwanza ni hakimiliki ya utunzi, yaani maneno na sauti zake, ambayo ni ya mtunzi. Ya pili ni haki katika rekodi, zinazowahusu mwimbaji, wapiga ala na aliyegharimia kurekodi. Katika sheria ya Tanzania kundi hili la pili huitwa hakishiriki. Malipo yatokanayo na haki hizi huitwa mirabaha. Kwa hiyo mtu mmoja akipakua wimbo mmoja kwa njia isiyo halali, wanaokosa malipo huweza kuwa watu wanne au watano, wala si yule mwenye sura kwenye jalada peke yake.

Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapotungwa na kuwekwa katika umbo la kudumu, hata kama haijasajiliwa. Hata hivyo usajili husaidia kutoa ushahidi. Wimbo maarufu wa Malaika, ulioimbwa na wengi akiwemo Fadhili William wa Kenya na Miriam Makeba wa Afrika Kusini, umekuwa na mgogoro wa miaka mingi kuhusu mtunzi wake halisi.

Si kila wimbo unaopatikana bure ni wa kiharamia. Mwenye haki anaweza kuutoa bure kwa hiari yake ili ajulikane, au kutumia leseni huria kama zile za Creative Commons.

Kabla ya intaneti

Kunakili muziki hakukuanza na kompyuta. Kaseti zilipoenea katika miaka ya 1970 na 1980, yeyote mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kurudufu albamu nzima. Nchini Tanzania bendi nyingi za dansi zilirekodi nyimbo zao katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo hizo zikawafikia wananchi kwa mawimbi ya redio. Maduka ya kurekodia kaseti yaliziuza kwa wateja bila wanamuziki kupata sehemu yao. Baadaye zilikuja CD za kuchoma, kisha vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi na kadi za simu.

Tofauti kubwa ilikuwa hii: nakala ya kaseti hupungua ubora kila inaporudufiwa, na huhitaji kaseti tupu na muda. Nakala ya kidijiti ni sawasawa na ya awali, hata ikiwa ya milioni.

Napster

Mambo mawili yalifungua njia. Kwanza, watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, walishiriki kubuni mfumo wa MP3 unaopunguza ukubwa wa faili la sauti hadi karibu moja ya kumi bila msikilizaji wa kawaida kuhisi tofauti kubwa. Pili, intaneti iliingia majumbani na vyuoni.

Mwezi Juni 1999 Shawn Fanning, kijana aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Boston, Marekani, pamoja na Sean Parker, walianzisha programu iliyoitwa Napster. Programu hii haikuhifadhi nyimbo zenyewe. Seva zake zilihifadhi orodha tu: nani ana wimbo gani. Mtumiaji alitafuta wimbo, kisha kompyuta yake ikauchukua moja kwa moja kutoka kompyuta ya mtumiaji mwingine. Katika muda mfupi ilipata makumi ya mamilioni ya watumiaji.

Desemba 1999 kampuni za kurekodi muziki ziliishtaki Napster. Aprili 2000 bendi ya Metallica nayo ilifungua kesi baada ya kugundua kwamba wimbo wake ambao ulikuwa haujatolewa tayari ulikuwa unasambaa. Mpiga ngoma wake, Lars Ulrich, alipeleka kwa kampuni hiyo orodha ya majina zaidi ya 300,000 ya watumiaji. Mashabiki wengi walikasirika, wakiona wanamuziki matajiri wanapigana na wapenzi wao wenyewe. Upande wa pili, Metallica walidai kwamba fedha siyo hoja pekee, bali pia ni nani mwenye kuamua kazi itoke lini na kwa njia gani.

Februari 2001 Mahakama ya Rufaa ya Marekani iliamua kwamba Napster iliwajibika kwa makosa ya watumiaji wake, kwa sababu ilijua yanayotendeka na ilikuwa na uwezo wa kuyazuia. Huduma hiyo ilifungwa Julai 2001.

Baada ya Napster

Kufungwa kwa Napster hakukumaliza jambo. Programu nyingine kama Kazaa, Grokster na LimeWire zilichukua nafasi yake, zikiwa zimeundwa bila orodha ya pamoja ili kukwepa hukumu kama ile. Mwaka 2001 Bram Cohen alibuni BitTorrent, njia ambayo faili hukatwa vipande na kila anayelipokea huwagawia wengine wakati huohuo. Njia hiyo yenyewe ni halali na hutumika kusambaza programu huria, lakini ilitumiwa pia kwa uharamia. Tovuti ya The Pirate Bay ilianzishwa Uswidi mwaka 2003, na Aprili 2009 watu wanne waliohusika nayo walihukumiwa kifungo na kulipa fidia. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani ilitoa hukumu dhidi ya Grokster, na LimeWire ikazuiwa na mahakama mwaka 2010.

Kuanzia Septemba 2003 chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani kiliwashtaki pia watu binafsi kwa maelfu. Katika kesi moja iliyojulikana sana, mwanamke mmoja wa Minnesota aliamriwa kulipa dola 222,000 kwa nyimbo 24. Mwishoni mwa 2008 chama hicho kilitangaza kuachana na mtindo huo. Ufaransa ilijaribu njia nyingine: sheria ya mwaka 2009 iliruhusu kumkatia intaneti mtu aliyeonywa mara kadhaa. Adhabu hiyo ya kukata intaneti ilifutwa mwaka 2013.

Siku hizi njia zinazotumika zaidi ni tovuti zinazogeuza video kuwa faili la sauti, pamoja na makundi ya mitandao ya kijamii ambako nyimbo hutumwa kutoka simu hadi simu.

Je, uharamia ulipunguza mapato?

Nchini Marekani mapato ya muziki uliorekodiwa yalikuwa zaidi ya dola bilioni 14 mwaka 1999, na yalishuka hadi karibu bilioni 7 mwaka 2014. Kampuni za muziki zilieleza kwamba uharamia ndio chanzo kikuu.

Wachumi hawakukubaliana. Felix Oberholzer-Gee na Koleman Strumpf, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, walisema athari ya kupakua kwa mauzo ya albamu haikutofautiana na sifuri kitakwimu. Stan Liebowitz aliwapinga, akisema uharamia unaeleza sehemu kubwa ya anguko hilo. Ugumu wa kupima uko hapa: si kila aliyepakua bure angenunua kama asingepata bure, na wengine walinunua baada ya kuonja. Zaidi ya hayo, maduka ya mtandaoni yaliwaruhusu watu kununua wimbo mmoja waupendao badala ya albamu nzima, jambo ambalo ni halali lakini nalo lilipunguza mapato.

Njia za kuwalipa wanamuziki

Kuuza wimbo mmojammoja. Aprili 2003 kampuni ya Apple ilifungua duka la iTunes, ambako wimbo uliuzwa kwa senti 99 za dola. Lilionyesha kwamba wengi wako tayari kulipa ikiwa njia ni rahisi na bei ni ndogo.

Malipo ya hiari. Oktoba 2007 bendi ya Radiohead ya Uingereza ilitoa albamu ya In Rainbows mtandaoni na kumwachia kila mnunuzi apange bei mwenyewe, hata sifuri. Njia hii humfaa zaidi mwanamuziki ambaye tayari ana mashabiki wengi.

Tozo. Tangu mwaka 1965 Ujerumani imetoza malipo madogo kwenye vifaa vya kurekodia, na fedha hizo hugawiwa wenye haki. Profesa William Fisher wa Harvard alipendekeza mwaka 2004 kwamba kushirikishana mafaili kuruhusiwe, na wasanii walipwe kutokana na kodi kwa kadiri kazi zao zinavyotumiwa. Wanaopinga husema si haki kumtoza asiyesikiliza muziki.

Utiririshaji. Msikilizaji hulipa ada ya mwezi au husikiliza matangazo, na hupata nyimbo nyingi bila kuzimiliki. Spotify ilianza kutoa huduma mwaka 2008. Kutokana na utiririshaji, mapato ya muziki uliorekodiwa duniani yalipanda tena hadi zaidi ya dola bilioni 28 mwaka 2023.

Maonyesho. Viingilio vya tamasha haviwezi kunakiliwa. Lakini mtunzi asiyepanda jukwaani, mzee au mgonjwa hawezi kuishi kwa njia hii.

Mgawanyo katika utiririshaji

Huduma nyingi hukusanya mapato yote katika kapu moja, kisha hugawa kulingana na idadi ya mara ambazo kila wimbo ulichezwa. Njia nyingine hugawa ada ya kila msikilizaji kwa wale tu aliowasikiliza yeye.

Tuchukue mfano wa kubuni. Huduma ina wasikilizaji wawili, kila mmoja analipa shilingi 10,000, na huduma hubaki na asilimia 30. Kapu lina shilingi 14,000. Asha amecheza taarabu mara 20, na Juma amecheza bongo fleva mara 180. Kwa njia ya kapu moja, taarabu imechezwa mara 20 kati ya 200, hivyo hupata shilingi 1,400, na bongo fleva hupata 12,600. Kwa njia ya pili, kila upande hupata shilingi 7,000. Maana yake ni kwamba katika njia ya kwanza sehemu kubwa ya ada ya Asha humwendea mwanamuziki ambaye hajawahi kumsikiliza. SoundCloud ilianza kutumia njia ya pili kwa baadhi ya wanamuziki mwaka 2021. Kwa upande mwingine, tangu 2024 Spotify hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kuchezwa katika miezi 12.

Afrika Mashariki

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA. Zanzibar ina taasisi yake, COSOZA. Hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo warithi nao wana haki. Mwaka 2013 serikali ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, ili mnunuzi aitambue nakala halali. Hata hivyo stempu hubandikwa kwenye CD, wakati nyimbo zilikuwa tayari zinahamia kwenye simu.

Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasimamiwa na KECOBO. Vyama kama MCSK, KAMP na PRISK vimekuwa vikikusanya mirabaha kwa niaba ya watunzi, watayarishaji na waimbaji. Miito ya simu, kama ile ya huduma ya Skiza ya Safaricom, imekuwa chanzo kikubwa cha mapato. Wanamuziki walilalamika kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa huishia kwa kampuni za simu na mawakala. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliweka kwamba msanii apate si chini ya asilimia 52 ya mapato hayo.

Kwa kuwa wasikilizaji wengi hawana kadi za benki, huduma za hapa hutegemea matangazo au malipo kwa simu. Mdundo, iliyoanzishwa Nairobi, huruhusu kupakua nyimbo bure na kihalali, na hugawana mapato ya matangazo na wanamuziki. Boomplay nayo ina watumiaji wengi. Spotify ilifika Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021.

Mikataba na haki ya msanii

Kuzuia uharamia peke yake hakumhakikishii msanii malipo. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo wa Mbube mwaka 1939, ambao baadaye ulijulikana duniani kote kama The Lion Sleeps Tonight. Inaelezwa kwamba aliuza haki zake kwa shilingi 10, naye alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Warithi wake walipata makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu. Hakukuwa na mharamia katika habari hii; kulikuwa na karatasi iliyotiwa saini.

Kwa sababu hiyo watetezi wa wanamuziki hutaja mambo matatu yanayopaswa kwenda pamoja: huduma halali zilizo rahisi na nafuu kwa msikilizaji, mikataba ambayo msanii anaielewa kabla ya kutia saini, na vyama vya mirabaha vinavyotoa hesabu zao hadharani.

Tazama pia

Hakimiliki
Mrabaha
Bongo fleva
Taarabu
MP3