Ayub Kalule, Bingwa wa Ngumi Kutoka Uganda

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwasimulia habari za Ayub Kalule, mtu wa Uganda aliyezaliwa mwaka 1954. Huku kwetu Heru Juu vijana wakisikia habari za ngumi hutaja Wamarekani tu, kana kwamba nchi jirani haikupata kuzaa bingwa.

Kwanza yafaa tueleze jambo la uzito. Katika mchezo wa ngumi watu hupimwa kwenye mizani kabla ya kupigana, mwembamba asije akakutanishwa na jitu. Kalule alianza katika uzito mwepesi, yaani kilo 60, sawasawa na uzito wa kijana wa shule aliyekwisha komaa. Kwa uzito huo alipata medali ya dhahabu mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka ule ule akapanda daraja moja, akaenda Havana, akawa bingwa wa dunia wa wapiganaji wasiolipwa. Alikuwa mashoto, na watu wengi hutaabika kupigana na mashoto, maana ngumi hutoka upande wasiouzoea.

Medali ni heshima, lakini haijazi chungu. Mwaka 1976 Kalule alihamia Denmark ili apigane kwa malipo. Sisi watu wa Buha hatuhitaji kufafanuliwa safari ya namna hii. Wazee wetu wangapi waliacha milima hii kwenda kukata mkonge Tanga? Mwaka huo huo nchi nyingi za Afrika zilikataa kwenda kwenye michezo ya Olimpiki ya Montreal, Uganda na Tanzania yetu zikiwa miongoni mwao. Hata kama angalibaki nyumbani, asingalipata kupigana huko.

Kwa miaka mitatu akashinda mfululizo, wala hakushindwa hata mara moja. Kisha ukaja mwaka 1979. Wengi wetu twaukumbuka kwa ajili ya vita: mwezi wa Aprili majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliompinga Idi Amin yaliingia Kampala. Amin naye, tukumbuke, alikuwa mpiganaji ngumi alipokuwa askari. Basi nchi ingali na majeraha, tarehe 24 Oktoba, Kalule alipanda ulingoni katika mji wa Akita, Japani, kupigana na Masashi Kudo, bingwa wa uzito wa ratili 154, ambaye naye hakuwa ameshindwa na mtu. Walipigana raundi 15 kamili, na waamuzi wakampa Kalule ushindi. Kudo hakupigana tena baada ya siku ile.

Kalule aliulinda ubingwa huo mara nne. Ndipo tarehe 25 Juni 1981, huko Houston, Marekani, akakutana na Sugar Ray Leonard. Kalule alikuwa amepigana mara 36, ameshinda zote. Leonard alikuwa mwepesi wa miguu na mwenye jina kubwa, lakini Kalule hakuona haya kumfuata hatua kwa hatua. Mwishoni mwa raundi ya tisa aliangushwa. Akasimama, lakini mwamuzi akaukomesha mchezo. Kwa maoni yetu hakuna aibu yoyote katika kushindwa kule.

Mwaka uliofuata ulikuwa mchungu. Alijaribu kuurudisha ubingwa kwa Davey Moore akashindwa katika raundi ya kumi, kisha akashindwa na Mike McCallum. Wengine wangalikwenda zao. Yeye alipanda uzito tena, na mwaka 1985 akawa bingwa wa Ulaya, mtoto wa Kampala akishika taji la Wazungu! Taji hilo alinyang'anywa na Herol Graham huko Sheffield, Uingereza, mwezi wa Februari 1986, naye akauacha mchezo.

Kwa jumla alipigana mara 50 kwa malipo, akashinda 46. Katika wale wanne waliomshinda, watatu walipata kuwa mabingwa wa dunia. Wa nne, Graham, alijaribu mara kadhaa asiupate kamwe ubingwa wa dunia.