Hadithi za Bwana Msa
Hadithi za Bwana Msa ni mfululizo wa riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar (1918–1991), ulioanza na Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na kuendelea na Kisima cha Giningi (1968) na Siri ya Sifuri (1974). Utamu wake hautokani na damu. Mauaji yapo, lakini msomaji hukaa kwa ajili ya kiko cha mpelelezi Bwana Msa, maswali ya rafikiye Najum na mazungumzo yasiyo na haraka; ukimtoa maiti, porojo bado inanoga. Kwa hilo Msa ni tofauti na Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi wa mbio na risasi.

Wapo wanaosema Msa ni Sherlock Holmes aliyevikwa kanzu. Kiko kweli kimeazimwa, na Najum ana mengi ya Watson, rafiki wa Holmes. Hata hivyo, fumbo lenyewe ni la nyumbani: katika riwaya ya kwanza watu wanaulaumu mzimu, naye Msa anamtafuta binadamu. Burudani hiyo, inayodharauliwa kuwa nyepesi, inamtaka msomaji apime ushahidi dhidi ya uvumi wa mtaa mzima.