Lile onyo la write() lilitoka wapi?

Wanaoandika C mnalijua lile onyo: umeita write() na hukuangalia ilirudisha nini. Wengi huliita kelele za kompaila. Leo nieleze lilikotoka, maana si kelele kila mara.

Dennis Ritchie alipoiunda C pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, hakuweka njia maalum ya kutangaza kosa. Fankisheni hurudisha namba tu, mara nyingi -1, na sababu hukaa kwenye errno. Ukipuuza, programu inaendelea kama kawaida. Mwishoni mwa miaka hiyo Stephen Johnson, wa Bell Labs vilevile, akaandika lint, programu ya kukagua msimbo wa C. Lint ililalamikia hata printf! Ndipo watu wakazoea kutanguliza (void), yaani "nimeona, sihitaji". Mapatano ya kiungwana, na yalidumu.

GCC 3.4 ya mwaka 2004 ikaleta alama ya warn_unused_result, na hiyo haisikii (void). Wengi wetu tulikutana nayo kupitia Ubuntu (enzi zile CD zake zilitumwa bure kwa posta): toleo la 8.10, Oktoba 2008, liliwasha _FORTIFY_SOURCE kwa kila anayekompaili na -O2. Msimbo uliokuwa kimya jana ukajaa maonyo. Watu wakabuni if yenye mabano matupu ili kompaila inyamaze.

Ujanja huo siupendi. Chukua programu ya daftari la chama hapa Ziwani, inayohifadhi kwenye flash. Flash ikijaa, write inarudisha -1 na errno inakuwa ENOSPC, namba 28 kwenye Linux. Ukiwa umeinyamazisha, skrini itasema "imehifadhiwa" na mchango wa mama fulani wa shilingi 200 haupo popote. Nani atamwamini mweka hazina siku ya kugawana? Tena write inaweza kuandika nusu tu na kurudisha idadi ya baiti zilizoingia, kwa hiyo linganisha na urefu ulioomba. Na uangalie fsync pia.

Lakini ukiandika ujumbe wa mwisho kwenye stderr na mstari unaofuata ni exit(1), write ikishindwa utamwambia nani? Hapo ni kelele kweli. C23 imeleta [[nodiscard]], na kwa hiyo GCC inakubali tena (void). Write ya glibc bado inatumia alama ya zamani, basi hapo fanya hivi:

ssize_t r = write(2, s, n);
(void)r; /* tunatoka, hakuna wa kuambiwa */