Mganga, mchawi, mpiga ramli: uteuzi wa neno na vitenzi vyake

Maneno haya huchanganywa mara kwa mara katika tafsiri za habari, za riwaya na, siku hizi, za michezo ambayo mchezaji huvaa uhusika wa mtu mwenye nguvu zisizo za kawaida. Makala hii yaeleza tofauti zake kwa kufuata maswali mawili: nguvu hupatikanaje, na hupangwaje?

Maana ya msingi. *Mganga* latokana na *kuganga*, yaani kutibu au kuunga kilichovunjika. Ndiyo sababu methali husema «Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo». *Mchawi* ni mtu anayedhaniwa kuroga, yaani kudhuru kwa siri. *Mpiga ramli* hutafuta yaliyofichika. *Ramli* ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya mchanga. Kwa hiyo mganga huagua na huzingua, mchawi huroga, na mpiga ramli hubashiri. Mtu mmoja aweza kuwa mganga na mpiga ramli kwa pamoja, lakini jina la mchawi ni tuhuma, wala si cheo.

Namna ya kuipata nguvu. Dungeons & Dragons, mchezo uliochapishwa Marekani mwaka 1974, katika matoleo yake ya sasa hutenganisha wahusika kwa chanzo cha nguvu zao. Yuko aliyejifunza vitabuni, aliyezaliwa nazo, aliyejaliwa na mungu wake, na aliyezipata kwa mapatano na kiumbe mwenye uwezo. Mfasiri anayewaita wote *wachawi* huua tofauti ambayo mchezo mzima umejengwa juu yake. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuilinda:

- *Kusomea*: hufaa elimu ya vitabuni, kama vile falaki.
- *Kurithi mikoba*: kupokea uganga wa mzee wa ukoo. Mkoba ndimo zilimokaa dawa. Leo magazeti huutumia msemo huu hata kwa kocha au mwenyekiti mpya.
- *Kuoteshwa*: kupewa dawa ndotoni. Kitenzi hiki kilisikika sana mwaka 2011, Mchungaji Ambilikile Mwasapile wa Samunge, Loliondo, aliposema kwamba Mungu ndiye aliyemwonyesha dawa ya kikombe.
- *Kuweka agano*: hufaa mapatano, hasa yanayodai kafara.

Namna ya kuipanga. Katika mchezo, nguvu huhesabiwa: mhusika wa daraja fulani ana idadi fulani ya matumizi kabla ya kupumzika. Katika uganga, mpaka huwekwa na *masharti* na *miiko*: usile kitu fulani, usigeuke nyuma, usipokee malipo kabla ya kupona. Vifaa navyo vina mahali pake: dawa hukaa katika *tunguri*, na kazi hufanyika *kilingeni*. Aina za kazi zina majina mahususi, ambayo mfasiri wa michezo ayatumie kabla ya kubuni mapya: *zindiko* (kinga ya nyumba, shamba au mwili), *zinguo* (kuondoa madhara), *tego* (mtego wa kumnasa mkosaji), *limbwata* (dawa ya mapenzi). *Mazingaombwe* yasitumike hapa, kwa kuwa ni maonyesho ya kiini macho.

Uzito wa neno. Mkoani Njombe uteuzi huu si suala la mtindo tu. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto kadhaa waliuawa mkoani humo, na viongozi wa serikali wakayahusisha mauaji hayo na imani za kishirikina. Habari za namna hii huandikwa kwa msamiati uleule tunaoujadili, na msomaji huamua amhofu nani kwa kufuata nomino aliyopewa. Serikali hutumia istilahi *ramli chonganishi* kwa ramli inayomtaja jirani kuwa chanzo cha msiba. Kivumishi hicho chafaa kuhifadhiwa katika tafsiri, kwani ndicho kinachobeba kosa.

Sheria nazo zimetenganisha maneno haya. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ina asili yake mwaka 1928. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, kwa upande wake, iliunda Baraza linalosajili waganga. Tena hospitalini *Mganga Mkuu wa Mkoa* ni daktari wa serikali. Linganisha:

1. *Mganga Mkuu wa Mkoa amekagua vituo vya afya Makambako.* (daktari)
2. *Mganga wa tiba asili amesajiliwa na Baraza.* (mtabibu anayetambuliwa na sheria)
3. *Mpiga ramli alimtaja bibi mmoja kuwa mchawi.* (tuhuma, msimulizi hathibitishi)
4. *Bibi mchawi alitajwa na mpiga ramli.* (isiandikwe: msimulizi amekwisha kuhukumu)

Maneno ya kusitiri, kama *fundi*, *mtaalamu* na, katika soka, *kamati ya ufundi*, yafasiriwe kwa muktadha.

Pendekezo. Katika mchezo, *mganga* liwe jina la jumla la mhusika anayetumia nguvu kwa kinga na tiba, nalo lifuatwe na kitenzi cha chanzo: mganga aliyesomea, aliyerithi, aliyeoteshwa, aliyeweka agano. *Mchawi* libaki kwa anayedhuru. Katika habari na tafsiri za mahakamani, *mchawi* liandikwe tu panapokuwa na mtu aliyelitamka, naye atajwe kuwa ndiye aliyelitamka.