Mitindo ya roki (mavazi ya wanawake)

Mitindo ya roki ni uvaaji wa wanawake uliotokana na wanamuziki wa roki wa Marekani na Uingereza pamoja na mashabiki wao. Hutambulika kwa jaketi fupi la ngozi nyeusi, jinzi ya kubana au iliyochanika, fulana yenye jina la bendi, buti nzito na vikorokoro vya chuma kama minyororo na vikwasi. Mengi kati ya mavazi hayo yalikuwa ya wanaume wa kazi za sulubu, na sehemu kubwa ya mvuto wake imo katika huko kuazima.

Chimbuko

Jaketi la Perfecto lilibuniwa na Irving Schott wa New York mwaka 1928 kwa waendesha pikipiki, likauzwa dola 5.50. Marlon Brando alipovaa jaketi la namna hiyo katika filamu ya The Wild One (1953), likahesabiwa kuwa vazi la wahuni. Mwaka 1960 Yves Saint Laurent, akibuni kwa niaba ya Dior, alilishona kwa ngozi ya mamba. Wateja matajiri wa Paris hawakufurahishwa.

Wanawake jukwaani

Suzi Quatro, mpiga gitaa la besi kutoka Detroit, alivuma Uingereza mwaka 1973 akiwa ndani ya ovaroli ya ngozi. Mwaka 1975 mwimbaji Patti Smith alipigwa picha na Robert Mapplethorpe kwa ajili ya jalada la albamu ya Horses: shati jeupe la kiume, koti jeusi limetupiwa begani. Picha hiyo tulivu imeigwa zaidi na wabunifu kuliko mavazi mengi ya kelele.

Panki na duka la King's Road

Aliyeutia mtindo huu ukali wa panki, tawi la roki lenye uasi, ni mbunifu Vivienne Westwood (1941–2022), aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1971 yeye na Malcolm McLaren walianza kuuza nguo katika nambari 430 King's Road, London. Duka lilibadilishwa jina mara kadhaa: Let It Rock, kisha Too Fast to Live, Too Young to Die, halafu SEX (1974), Seditionaries (1976) na hatimaye Worlds End (1980). Humo ziliuzwa fulana zilizochanwa makusudi, suruali zenye mikanda ya kuunganisha miguu, na nguo za mpira. McLaren alikuwa pia meneja wa bendi ya panki ya Sex Pistols, hivyo bendi na duka vilitangazana.

Mwaka 1977 mbunifu Zandra Rhodes alitoa magauni yenye matundu na vikwasi vilivyopambwa. Kikwasi kilifika kileleni mwaka 1994, mwigizaji Elizabeth Hurley alipovaa gauni jeusi la Versace lililoshikizwa kwa vikwasi vikubwa vya dhahabu.

Westwood alikuwa na uhusiano na Afrika Mashariki pia: kuanzia 2010 mikoba yake ilitengenezwa Nairobi kwa turubai, mabango na vipande vya ngozi vilivyotumika tena.

Granji

Baada ya panki ikaja granji, uvaaji wa ovyoovyo ulioigwa kutoka kwa bendi za roki. Mbunifu Marc Jacobs aliionyesha New York mwishoni mwa 1992 kwa niaba ya kampuni ya mavazi ya Perry Ellis, akitumia hariri iliyochapwa ifanane na flana. Alifukuzwa kazi.

Hali ya sasa

Mwaka 2013 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilifanya maonyesho ya panki. Duka la Worlds End lingali King's Road, London. Saa ya mbele ya duka ina tarakimu 13 na mishale yake huzunguka kinyumenyume.