Uso wa Kuazima

Katika filamu za katuni za Kijapani, ambazo ulimwengu umezizoea kwa jina la anime, iko moja iliyotungwa kwa ajili ya kusimulia vita vya dola dhidi ya ugaidi wa mtandaoni. Jina lake ni Ghost in the Shell: Stand Alone Complex. Ilianza kuonyeshwa nchini Japani mwezi wa Oktoba 2002, ikiwa na sehemu 26, chini ya uongozi wa Kenji Kamiyama, nayo ilitengenezwa na studio ya Production I.G. Chimbuko lake ni katuni za vitabuni zilizoanza kuchorwa na Masamune Shirow mwaka 1989, ambazo Mamoru Oshii alikwisha kuzitolea filamu mwaka 1995. Kwa kuwa mambo yake yamewekwa katika mwaka 2030, watazamaji wengi waliichukua kuwa ni utabiri. Lakini mti huu una mizizi mirefu. Kisa kikubwa kinachoelezwa humo kilichotwa katika mkasa wa kweli uliotokea kabla mtandao haujaingia majumbani mwa watu, wakati ambapo silaha ya mhalifu ilikuwa ni taipureta, bahasha na pipi.

Mkasa huo ulianza usiku wa tarehe 18 Machi 1984. Watu wenye silaha, waliofunika nyuso zao, waliingia katika nyumba ya Katsuhisa Ezaki, mkuu wa kampuni ya pipi na biskuti iitwayo Glico, wakamteka. Walidai yen bilioni 1 na dhahabu kilo 100. Baada ya siku tatu Ezaki alijinasua mwenyewe kutoka katika ghala alimofungiwa, na watu wakadhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Mwezi wa Aprili magari ya kampuni yalitiwa moto. Mwezi wa Mei ikaja barua iliyosema kwamba pipi za Glico zimetiwa sumu ya sayanaidi. Kampuni ililazimika kuziondoa bidhaa zake madukani, hasara ikawa kubwa, na vibarua wake wakapoteza kazi.

Waandishi wa barua zile walijiita Zimwi la Nyuso 21. Jina hilo halikuwa lao. Walilitohoa kutoka kwa Edogawa Ranpo, mtunzi wa hadithi za upelelezi, ambaye mwaka 1936 aliwabunia watoto wa Japani mwizi hodari wa kujigeuza mwenye nyuso 20. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza barakoa ile ilikuwa ya kuazima. Barua ziliandikwa kwa lahaja ya Osaka, zikawakejeli polisi, na nyingine zikapelekwa magazetini ili taifa zima lizisome. Glico ilipoachwa, ikafuata zamu ya Morinaga na makampuni mengine ya vyakula. Katika vuli ya mwaka ule, pipi za Morinaga zenye sumu ziliwekwa madukani zikiwa zimebandikwa karatasi ya onyo kwamba atakayezila atakufa. Hakuna aliyekufa kwa kuzila, lakini hofu iliingia katika kila nyumba yenye mtoto.

Polisi walikuwa na picha ya mtu aliyevaa kofia ya mchezo wa besiboli, iliyonaswa na kamera ya duka. Walikuwa pia na mchoro wa mtu mwingine, mwenye macho kama ya mbweha, ambaye wapelelezi walimwona kwa macho yao na wasimkamate. Mwezi wa Novemba 1984, katika mkoa wa Shiga, gari lililoshukiwa liliwaponyoka. Mwezi wa Agosti 1985 mkuu wa polisi wa mkoa ule alijiua kwa kujitia moto. Siku chache baadaye ikaja barua ya mwisho, iliyotangaza kwamba mateso ya makampuni yatakoma. Kukawa kimya. Muda wa kushtaki kosa la utekaji ulikwisha mwaka 1994, na wa makosa ya kujaribu kuua ulikwisha mwaka 2000. Hakuna aliyepata kufikishwa mahakamani.

Miaka miwili tu baada ya sheria kulifunga jalada hilo, Kamiyama alilifungua upya kwa njia ya hadithi. Katika hadithi yake, watu wengi wamepandikizwa ubongo wa kompyuta unaoungana na mtandao moja kwa moja. Mtu aweza kusoma, kuona na kuzungumza na wenzake pasipo kufumbua kinywa. Mwaka 2024 wa hadithi hiyo, kijana mmoja anamtolea bastola mkuu wa kampuni ya tiba mbele ya kamera za televisheni, akimtaka aseme kweli mbele ya watu. Uso wa kijana haukuonekana. Aliingilia macho ya wote waliokuwapo na ya wote waliotazama, na mahali pa uso wake wakaona mchoro wa kichwa chenye kofia, kikicheka. Kwa sababu hiyo wakamwita Mtu Anayecheka, jina lililoazimwa kutoka katika hadithi fupi ya Mmarekani J. D. Salinger. Waliouona uso wake halisi ni watu wawili tu, mafukara wasio na makao, ambao hawakuwa na ubongo wa kompyuta wa kuingiliwa.

Hapa ndipo hadithi inapoupita ujambazi wa kawaida. Baada ya kisa kile, jina la Mtu Anayecheka lilianza kutumiwa kuyatoza makampuni fedha, nalo halikutumiwa na kijana yule. Miaka sita baadaye Kitengo cha 9, kikosi cha usalama kinachoongozwa na mzee Aramaki na meja wake Motoko Kusanagi, kinaanza kuchunguza. Mpelelezi Togusa agundua kwamba katika macho ya polisi waliopewa kazi ya kumsaka mhalifu yamepandikizwa mitambo ya kuwachungulia. Kisha, mbele ya waandishi wa habari, tishio la kumwua mkuu wa polisi latolewa kwa jina la Mtu Anayecheka. Na siku iliyotajwa wanajitokeza watu wengi kujaribu kumwua, wala hawajuani, wala hapana aliyewatuma. Kila mmoja alilivaa jina lile kwa hiari yake, akiamini kwamba ni lake.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Uchunguzi unapofika mwisho, yabainika kwamba iligunduliwa chanjo iliyofaa kwa ugonjwa wa kukakamaa kwa ubongo, ikanyimwa kibali, ili tiba ya mitambo midogo, yenye faida kubwa na isiyoponya, itawale soko. Wakubwa waliojua siri hiyo walijidunga chanjo kwa faragha. Na aliyekuwa akiyatoza makampuni fedha kwa jina la gaidi alikuwa ni katibu mkuu wa chama tawala. Kijana wa kwanza naye, aitwaye Aoi, hakuwa asili ya jambo lile: aliokota mtandaoni barua ya vitisho iliyoandikwa na mtu mwingine, akaamini yaliyomo, akatoka kwenda kuidai kweli. Ni nakala nyingi, na asili haionekani. Ndiyo maana ya jina la mfululizo wenyewe.

Wajapani wa mwaka 2002 hawakuhitaji kufafanuliwa habari ya dawa. Katika miaka ya 1980 wagonjwa wao wa hemofilia zaidi ya elfu moja waliambukizwa virusi vya UKIMWI kwa dawa za damu zisizotiwa joto, ingawa dawa iliyo salama ilikwisha kujulikana. Na serikali haikukiri makosa mpaka mwaka 1996. Mtu aliyeiona aibu hiyo aweza kuelewa kwa nini barakoa inayocheka hupendwa na umma. Dola inapoficha kweli, wananchi hawamwulizi tena mwenye barakoa yeye ni nani. Wao humsikiliza kwa lile analosema, na mjanja yeyote apata nafasi ya kusema kwa kinywa chake.

Miaka kumi baadaye, jambo lililofanana na hadithi lilitokea Japani kwa hakika. Mwaka 2012 vitisho vya kuua na kulipua vilitumwa kwa njia ya mtandao. Polisi walifuata anwani za kompyuta zilikotoka, wakawakamata wanaume wanne. Baadhi yao walikiri. Lakini mwezi wa Oktoba mtu mwingine akaandika kueleza kwamba vitisho ni vyake, na kwamba alipandikiza programu katika kompyuta za watu wale ili zimtii akiwa mbali. Polisi walilazimika kuwaomba radhi wote wanne. Mhalifu mwenyewe alikamatwa mwaka 2013, na mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha miaka 8.

Tofauti ya mikasa hii miwili yastahili kuangaliwa sana. Mwaka 1984 mhalifu aliazima uso wa mtu wa hadithini, na hasara ya kuazima huko haikumfikia mwenye uso, kwa kuwa hakuwapo duniani. Mwaka 2012 nyuso zilizoazimwa zilikuwa za watu walio hai, wenye jamaa na majirani. Nao walilala mahabusu kwa maneno ambayo hawakuyaandika. Chombo hakikuwadhulumu peke yake. Chombo kilionyesha anwani tu, na anwani si mtu. Waliosema kwamba mtu amepatikana ni binadamu, na waliowahoji wasio na hatia hata wakakiri dhambi isiyo yao walikuwa ni binadamu pia.

Kwa hiyo fundisho la mfululizo ule wa katuni halimo katika miili ya mitambo wala katika mapigano yake, ingawa hayo ndiyo yaliyowavuta watazamaji. Limo kwa wale mafukara wawili waliouona uso wa kijana kama ulivyokuwa. Taifa zima lilitazama kwa macho ya mtandao likaona mchoro. Wao walitazama kwa macho ya kuzaliwa wakaona mtu. Ushahidi wao ulikuwa ndio wa kweli, lakini mahali pao katika jamii palikuwa pa chini mno hata usiwe na uzito wa kukiangusha kilichoonwa na wote. Dola itakayo kupigana na ugaidi wa mtandaoni haina budi kuwa na vyombo hodari. Lakini isipokuwa na hakimu wa kusikiliza mnyonge, na afisa wa kusema kweli kabla hajalazimishwa, itakuwa ikizikamata barakoa tu, na kila mara chini yake kutakuwa na mtu asiyehusika.