Duma hawa si mnyama

Huku Likoni ukitaja Duma, mtu afikiria mnyama mwenye mbio. Wenyewe walikusudia giza, kwa Kikuyu. Walikuwa wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka bendi mbili za roki nzito: Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Albamu yao, Duma, waliirekodi Kampala 2019, ikatolewa 2020 na Nyege Nyege Tapes. Mpiga ngoma hawakuwa naye. Midundo ni ya mashine, gita languruma, Khanja apiga mayowe.

Mpwa wangu wa Kisauni huisikiliza kwa siri, maana babake asema ni sauti za mashetani. Mimi nimeisikiliza yote. Masikio yangu yaliyolelewa na udi yalitaabika, lakini uigaji wa Wazungu sikuusikia. Shemeji, mwache kijana.